Kezia anapigia risasi makofi

Mutoto wangu ametoka kupigia risasi makofi. Sasa hivi, hapa ku cyber ya mutaa wa Asiatique, penye naandikia internet!

Watu wote tulilala chini. Yeye anacheka: "Papa! Papa anapiga!"

Kosa ni yangu, wapenzi.

Papa yake alikuwa anapiga batri, zile ngoma, mu bendi ya death metal, muziki wa kelele kama risasi. Walitoa albamu moja tu, "Kaburi Wazi", ku kaseti. Kisha akavuka mupaka kwenda Uvira, Kongo. Mpaka leo, hakuna habari.

Kwetu Kinama, risasi zikianza, mi naweka ile kaseti kwa nguvu, mutoto asiogope. "Sikia, ni Papa."

Jirani yangu Mama Zaina alinionya: "We mama, unamufundisha mutoto kupenda bunduki!" Nilicheka.

Leo Kezia amekimbilia mulango kumupokea baba yake. Mama Zaina, tulikuja naye, akamukamata kwa gauni. Akamukalisha karibu yake, mbali na mi. Afazali angenitukana.

Munishauri. Nikificha kaseti, siku Papa akirudi mutoto atamujua namna gani? Na atarudi, mi najua. Lakini nikiendelea kuipiga

Ngoja, Mama Zaina ananiita, milio imeanza tena na Kezia