Mikono ya Ranchhod na Manjano ya Nimisha

Ranchhod Parmar alikuwa na uchovu ambao usingizi hauutoi. Ujana wake wote uliishia kwenye kiwanda cha rangi pale Vatva, Ahmedabad, akimimina nitrili kwenye mtungi wa moto. Nitrili yenyewe ni unga mweupe, unaonukia lozi kwa mbali. Humo kaboni na naitrojeni zimefungana vifundo vitatu, utadhani hazitaachana. Lakini tia chumvi ya shaba, koleza moto: vifundo vinalegea, molekuli nne zinashikana kuizunguka shaba moja, na mtungi mzima unageuka buluu. Buluu hiyo haitoki kwa maji wala haipaushwi na jua. Sokoni ni sifa. Nyumbani kwa Ranchhod iliharibu mashuka yote.

Sasa binti yake Nimisha alikuwa anaolewa, na Ranchhod alitaka kitu kimoja tu: kumpaka manjano shavuni asubuhi ya harusi, kwa mkono msafi, kama baba wengine. Aliomba likizo, msimamizi akanuna, lakini akampa. Akajisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jiwe la kisigino, mpaka ngozi ikawaka moto. Siku ilipofika viganja vilikuwa vimetakata.

"Leo umekuwa mtu," dada yake Kamu alimtania. "Nilishazoea kuwa na kaka wa buluu ya kufulia."

"Cheka tu, dada. Sina hata nguvu ya kukujibu."

Zamu yake ilipofika akachota manjano bakulini. Hakuna aliyekumbuka, hata yeye aliyezeekea kwenye rangi hiyo, kwamba manjano ya harusi hukandwa kwa mafuta, na kilichoishinda sabuni mafuta hukifukua. Buluu iliyojificha kwenye nyufa za vidole ikatoka taratibu, ikachanganyika na manjano, na shavu la Nimisha likawa kijani mbele ya wanawake wa ukoo mzima.

Nyimbo zikakatika. Ranchhod aliona aibu, akauvuta mkono wake.

"Leteni kitambaa," Kamu alinong'ona, "kabla mpiga picha hajaingia."

"Cha nini, shangazi?" Nimisha aliukamata mkono wa baba yake, akaurudisha shavuni. "Baba, tangu nijue kufua nahangaika na rangi hii, haijawahi kutoka. Ndiyo itoke leo ninapoondoka?" Kisha akageuza shavu la pili. "Huku bado."

Ranchhod akapaka. Machozi yalimtoka akayaacha, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.