Zulia Kwenye Njia ya Baiskeli

Jumamosi nilikuwa kando ya mto, Riruta, mtoto mgongoni. Jirani yangu alikuwa ameanika zulia, likaziba njia yote ya baiskeli. Bwana mmoja mwenye kofia ngumu akasimama, akapiga kengele mara tatu.

“Mama, hii ni njia ya baiskeli.”

“Najua,” jirani akajibu. “Ndiyo maana ni safi.”

“Sasa nitapita wapi?”

“Wamama wa chama wanakuja kwangu saa tisa. Unataka wakalie maji? Ibebe kidogo, nayo imekubeba tangu asubuhi.”

Akainua baiskeli begani, akanigeukia. “Dada, hata wewe huoni ni makosa?”

Nikasema naona. Sikumwambia kwamba nepi zilizoanikwa mbele, baada ya kona, ni zangu.