Benchi la Chumba cha Pili

Mtaa mzima ulimwita Bingwa, na jina lilimkaa vizuri. Ndiye daktari aliyeifungua kliniki ile, na ndiye aliyemwajiri daktari wa chumba cha pili, mwanamke mwenye umri wa binti yake, mpole, wa sauti ya chini, ili ampunguzie mzigo kidogo. Hakujua kwamba mzigo ungehama wote.

Mwanzoni alidhani watu wanafuata ugeni tu. Lakini miezi ilipita, na benchi la chumba cha pili liliendelea kujaa hadi wengine wakaegemea ukuta, huku lake likiwa na watu wawili, mmoja amesinzia. Nesi wa mapokezi alikuwa akimwambia mgonjwa, "Kwa Bingwa hakuna foleni, ingia tu," mgonjwa naye anajibu, "Acha nisubiri, dada, sina haraka." Jibu hilo lilimchoma kuliko sindano yoyote aliyowahi kumdunga mtu.

Siku moja akaja mkaguzi, mama mnene mcheshi, kupima ubora wa huduma. Bingwa alipaswa kuwa hospitali kubwa siku hiyo, lakini aliposikia habari za ukaguzi akaghairi safari. Mkaguzi alifungua friji ya chanjo, akajaribu bomba la kunawia, kisha akajibwaga kwenye benchi katikati ya wagonjwa na kuanza kupiga nao soga. Ukuta ulikuwa mwembamba. Bingwa alijifanya anapanga vifaa vyake, masikio yote nje.

"Bingwa kazi anaijua," alisema mzee mmoja. "Ila hujamaliza kusema unaumwa wapi, dawa keshaandika."

"Na huyu wa pili?"

"Huyu? Anakusikiliza mpaka unakumbuka na maumivu uliyoyasahau!"

Benchi zima likaangua kicheko. Kisha ikasikika sauti aliyoijua vizuri mno.

"Mimi presha yangu anaiangalia yeye," ilisema. "Huwa nakuja siku ambazo mwenyewe hayupo."

Alikuwa mke wake.

Mkaguzi alipoingia baadaye kumuaga, alimwambia kliniki iko sawa na utaalamu wake hauna shaka, ila awaache wagonjwa wamalize maneno yao. Kisha akamsifu daktari wa chumba cha pili hadi akaishiwa pumzi. Bingwa aliitikia kwa kichwa tu.

Jioni, mezani, hakuweza kujizuia.

"Mke wangu, umeniaibisha."

"Nimekuaibisha, au roho inakuuma?"

"Presha yako nashindwa kuipima mimi?"

"Kuipima unaipima, baba watoto. Ila ukishaona namba, unanyanyuka. Hujawahi kuniuliza kwa nini silali."

"Kwani hulali?"

Mke wake alimtazama, akakusanya sahani, akaenda zake jikoni.

Kesho yake, mchana, Bingwa alipiga moyo konde na kugonga mlango wa chumba cha pili. Alitaka kuuona huo uganga kwa macho yake, na kama kuna kasoro, aikamate.

"Nimekuja kukukagua na mimi," alisema, nusu utani.

"Karibu, mzee wangu. Basi kaa hapo kwenye kiti cha mgonjwa. Unasumbuliwa na nini?"

Hakutegemea swali hilo. "Kifua. Nikipanda ngazi kinabana kidogo. Ni gesi tu."

Binti yule hakuandika kitu. Aliweka mikono mapajani, akanyamaza, akimtazama bila papara. Bingwa alingoja aulizwe swali la pili, lakini halikuja. Ukimya ulipomshinda, akajisikia akisema:

"Kaka yangu alianza hivihivi. Tukamzika. Sasa nimefika umri wake, naogopa. Hata mama watoto sijamwambia."

Hakuwa amekusudia kusema hayo kwa mtu yeyote, sembuse kwa huyu!

Alipimwa moyo siku hiyohiyo. Tatizo lilikuwepo, ila lilikuwa limewahiwa. Akapewa dawa, akaambiwa arudi wiki inayofuata, na aje na mkewe. Alitoka amejaa wivu kuliko alivyoingia, maana sasa alijua kwamba wagonjwa hawakuwa wametia chumvi hata chembe.

Wiki iliyofuata alikaa benchini na wenzake, mke wake pembeni. Mbele yao aliingia bibi mmoja, akakaa, akakaa. Kicheko kilisikika ndani.

"Huyo bibi anafanya nini muda wote huo?" Bingwa alimuuliza nesi kwa hasira.

"Anasikilizwa, Bingwa."

Alikunja mikono kifuani na kuukodolea mlango macho, akimwonea gere bibi wa watu.