Kadi ya Nyumba ya Pili

Mwaka ule wa njaa nilikuwa mchora mipango ya kompyuta katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Nilichora karatasini namna kazi itakavyokwenda, vijana wakaandika programu, mabinti wakatoboa kadi za kuisomesha mashine. Safari hiyo tulitengeneza orodha za kugawa unga wa msaada kuanzia Mapinga hadi Kaole. Asiyekuwamo kwenye orodha hapati.

Mpango wangu ulisema kila nyumba yenye jiko lake iwe na kadi yake, hata kama mume ni mmoja. Mimi ni mtoto wa mke wa pili; hilo sikuhitaji kufundishwa. Lakini nilipokwisha kukabidhi michoro nilihamia kazi nyingine ghorofa ya juu. Nilidhani aliyechora amemaliza.

Kijana mmoja wa programu akaona jina la mwanamume limejirudia kwenye kadi mbili. Alipanda ngazi mara mbili kuja kuniuliza, na mara zote mbili nilikuwa mkutanoni. Orodha zilitakiwa wiki ile ile. Akaiagiza mashine iitupe kadi ya pili.

Orodha zikatoka safi, tukapongezwa. Malalamiko yalipofika nikatumwa Kaole.

Mwanamke aliyekosa unga alinipokea kibarazani, mke mwenzake ameketi kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiye mimi."

"Mume wangu miaka kumi na miwili hajanipa talaka. Mashine yenu imenipa kwa siku moja."

Mke mkubwa akacheka kidogo, bila furaha. "Na mimi imeniachia bwana mzima. Unga wangu tuligawana nyumba mbili, ukaisha nusu ya mwezi."

Nikatoa fomu nimwandikishe upya yule mke mdogo. "Nyumbani kwako mnakula wangapi?"

"Wanne," akasema. Kalamu yangu ilikwisha andika alipoongeza, "Futa. Watatu. Wa mwisho tumemzika Jumatatu."

Nikafuta.

Yule kijana sikumlaumu, pale wala ofisini. Yeye aliuliza, mimi sikuwapo. Niliporudi niliteremsha meza yangu hadi chumba cha kadi, na sikutoka humo mpaka kila orodha ilipofika kijijini na kusomwa mbele ya watu.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa umri alionipa wa kutubu. Kwake naomba msamaha kila siku. Mama yule sikumwomba radhi, niliona haya. Nilimwambia tu unga utafika Ijumaa, nikaondoka.