Pua Iliporudi

Sigara nilianzia kisiwani Nosy Be, huku kwetu Bukini, kwenye kiwanda cha Mfaransa kilichochemsha maua ya langilangi kutoa mafuta. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto chini ya pipa la shaba. Maua yale, jamani, humnukia vizuri anayepita njia tu. Anayeshinda nayo humtia kichefuchefu. Moshi wa sigara ndio ulionipa nafuu. Nilipohamia Mahajanga kubeba magunia bandarini nilikuwa sinusi kitu, na pumzi zenyewe ni za kuazima.

Mwaka mmoja Ramadhani ilipokwisha sikuirudia sigara. Nilikuwa nimechoka kusimama njiani kila nikipanda kilima kwenda nyumbani, mtaa wa Mangarivotra, huku watu walionizidi umri wakinipita na kunipa pole. Kufika Maulidi nilikuwa napanda moja kwa moja, tena naongea. Kisha pua ikafunguka: kahawa ya jirani, kamba wakavu, nazi inayokaangwa, mvua kabla haijanyesha. Nilifurahi kama mwehu. Kila harufu nilimtangazia mke wangu, naye akinicheka: "Haya, umeoa mke wa pili, umeoa pua."

Ila alianza kuusogeza mkeka wake mbali na wangu. Kwao, Wangazija, nguo zilifukizwa udi kila Ijumaa. Yeye sasa akawa anafukiza asubuhi na jioni, chetezo chini ya shuka aliyojifunika. Mimi nikadhani anajipamba kwa ajili yangu, maadamu nina pua ya kumfaidi. Kichwa kikanivimba.

Jioni moja tukila nilimwinamia kumnong'oneza utani. Chini ya ule udi kulikuwa na kitu kingine. Aliyewahi kuuguza kidonda kibaya anakijua.

Nikamuuliza. Akaweka tonge chini, akafungua kanga, nikaliona titi lake.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa ukivuta," akasema. "Raha yangu ilikuwa wakati ule. Ulikuwa unalala karibu."

Daktari wa Kifaransa alijua tangu tulipoingia mlangoni, kama nilivyojua mimi. Alitupa bandeji, akasema tumechelewa, hakuna tena la kukata. Nilimchukia kwa kuwa alisema kweli.

Baada ya hapo mke wangu hakunitaka karibu. Aliutazama uso wangu kila nikivuta hewa. Nilijikaza, lakini pua haina adabu. Nilikonda kwa uchungu wa kuketi upande wa pili wa chumba, nikimwona anaumwa peke yake. Siku moja akaniambia, "Rudia sigara, bwana. Nakuomba. Uje ukae hapa."

Nikarudia. Nilivuta mfululizo ubavuni pake, yeye amenishika mkono, majirani mlangoni wakinisema kuwa sina huruma na mgonjwa. Pumzi hazikukawia kunibana. Nikawa tena mtu wa kusimama njiani. Pua ndiyo iliyochelewa kufa. Alitangulia yeye.