Visi Sita za Mama Feza

Jambo lote hili liligharimu skrubu sita tunazoziita visi, nusu siku ya kazi ya tupa, mguu wa kushoto wa mwanamke mmoja, miezi minane ya mama na mtoto wakitafutana, na jina jema la mtu ambaye hakufanya kosa. Nimehesabu mara mbili. Katika hivyo vitano, vya kwangu ni viwili vya kwanza tu. Vingine vililipwa na wenzangu, na faida nikala mimi.

Mwanangu, wewe unayekaa sokoni na meza yako ya kutengeneza simu, sogea. Wiki iliyopita mmoja wenu alinionyesha, tena kwa fahari, jinsi anavyotia namba yake ya siri ndani ya simu ya mteja akimaliza kuitengeneza, ili mteja asiweze kwenda kwa fundi mwingine. Alifikiri nitashangaa. Nilishangaa kidogo tu, kwa sababu anadhani amevumbua.

Nilikuwa fundi wa redio hapa Kindu miaka ya vita, kando ya soko. Ng'ambo ya mto Lualaba, kule Alunguli, kulikuwa na fundi mwingine, Sefu. Tulijifunza kazi pamoja kwa mzee mmoja, kwenye benchi moja, tukigawana chuma kimoja cha kulehemu. Mzee yule alikuwa na tabia ya kuchukua redio niliyoimaliza, kuifungua, kuitazama ndani, kisha kumpa Sefu aiangalie. Redio za Sefu hakunipa mimi niziangalie hata siku moja. Hilo nalo nilikuwa nalihesabu.

Vita vilikuwa vimekata reli, vipuri haviji. Mapile, yaani betri, yaliyochoka tulikuwa tunayaanika juu ya bati kama samaki, yapate nguvu ya saa moja zaidi. Redio ilikuwa kitu cha kufichwa, maana wenye bunduki waliipenda kuliko mwenyewe. Lakini watu walizitunza kwa sababu moja: kila Jumatano mchana, redio moja ya mbali ilikuwa inasoma majina ya watu waliotawanywa. Fulani wa mahali fulani yuko hai, anamwambia mama yake hivi na hivi. Jina lilisomwa mara moja. Ukikosa, umekosa.

Siku ile ninaiona kama iko hapa mbele yangu. Mama Feza, jina lake mwenyewe Feza, muuza mchele wa Alunguli, alivuka na redio ya marehemu mume wake ndani ya kikapu. Mwanawe wa pekee, Yusufu, alikwenda kuchimba madini Kampene kabla barabara hazijafungwa, na tangu hapo hakuna habari.

"Papa Amisi, inakoroma tu," akasema. "Haisemi."

"Nani aliigusa kabla yangu?"

"Sefu, mwaka jana. Anakusalimia sana. Anasema safari hii niilete kwako, wewe njo uko karibu na soko."

Nikaifungua. Mwanangu, heri ningekuta panya. Ndani nilikuta mkono wa Sefu: matone ya lehemu madogo, yanang'aa, yote sawa kama punje za mtama, na nyaya zimefungwa pamoja kwa uzi mweupe, kana kwamba kuna mtu atakayekuja kukagua. Nani anafunga uzi mahali ambapo mteja hataona? Nilitafuta kosa. Nikatafuta tena. Sikuona. Hapo kitu kikaniwaka kifuani, na sikukiita wivu. Nilikiita akili ya biashara.

Ugonjwa wa redio ulikuwa mdogo. Nililehemu upya waya wa mapile, haraka haraka, maana mawazo yangu hayakuwa kwenye waya. Yalikuwa kwenye visi za mgongo wa redio. Zilikuwa sita, vichwa vyake vimezama ndani ya matundu, mahali ambapo koleo haliingii. Nikazitoa, nikachukua tupa, nikafuta mifereji yote ya kuingizia turnevisi, yaani bisibisi, kisha nikavichonga vichwa vikawa na pembe tatu. Nikagonga kijibomba cha chuma mpaka kikawa na pembe tatu vilevile. Huo ukawa ufunguo, na hakukuwa na mwingine Kindu nzima. Niliuning'iniza shingoni, chini ya shati.

Mama Feza alinishukuru. Juu ya bei akaniachia vikombe viwili vya mchele. Nikavipokea.

Hazikupita wiki tatu askari wakakataza mitumbwi kuvuka. Huko Alunguli redio ya Mama Feza ikanyamaza kabisa, siku ya Jumanne. Akaikimbiza kwa Sefu. Sefu akaigeuza, akaona zile pembe tatu. Angeweza kupasua mgongo wa redio, lakini mama alimshika mkono: "Usivunje, ni ya marehemu." Basi Sefu akaketi kuchonga ufunguo wa kitu asichoweza hata kukipima vizuri. Jumanne yote. Jumatano yote. Jumatano jioni visi ya kwanza ikazunguka. Kilichokuwa kimeharibika ndani ni waya wa mapile uliochomoka. Kazi ya kunywa kikombe kimoja cha chai. Waya wenyewe ni ule niliolehemu mimi.

Na Jumatano mchana jina lilikuwa limesomwa.

Jirani wa nyumba ya nne, ambaye redio yake ilikuwa chini ya godoro, alisikia kwa shida: "Yusufu, mwana wa Feza wa Alunguli," halafu kelele, halafu "Lubutu". Basi. Mama Feza akapigilia mlango misumari, akashika njia ya Lubutu, mji wa mbali kaskazini, kwa miguu. Maneno kamili tuliyajua baadaye, kutoka kinywani mwa Yusufu mwenyewe. Yalikuwa haya: niko Kampene, mzima, mkisikia nilikwenda Lubutu si kweli, mama, baki nyumbani, nakuja.

Na kweli alikuja. Akakuta misumari. Naye akashika njia ya Lubutu kumfuata mama yake, wakapishana kwenye vijia vya msitu, kila mmoja akiulizia mwenzake kwa watu waliokuwa wanakimbia. Miezi minane. Walipoonana, mama alikuwa na kidonda cha mguu kilichopona vibaya. Hadi leo anatembea na fimbo.

Mitumbwi iliporuhusiwa, mama akiwa bado hajarudi, Sefu alivuka. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, akaweka mezani kiberiti kisicho na njiti. Ndani yake visi zangu sita, na ufunguo aliouchonga yeye.

"Hii njo kazi yako?"

Nikaokota visi moja, nikaigeuzageuza vidoleni.

"Kazi safi," akasema. "Pembe zote tatu sawasawa, visi zote sita. Mimi nilihangaika siku mbili."

Mwanangu, maisha yangu yote nilikuwa nangoja Sefu aseme kwamba mkono wangu ni mzuri. Neno hilo akalisema siku hiyo. Nikakosa mahali pa kuliweka.

"Na waya?" nikamuuliza, kwa ujinga tu.

"Waya ulikuwa wako pia. Ule haukuwa safi."

"Umemwambia mama?"

"Nilimwambia kazi ilikuwa ngumu. Jina lako sikulitaja. Akirudi utamwambia mwenyewe, nyumba yake unaijua." Akasimama. "Kiberiti baki nacho. Mimi nimemwekea visi za kawaida, hata mutoto ataifungua."

Nilimngoja mama arudi kutoka Lubutu ili nimwambie. Aliporudi, nilisema apumzike kwanza. Alipopumzika, nilimsikia sokoni akiwaeleza watu: "Kama Sefu asingelala na redio yangu siku mbili, ningelisikia jina la mutoto wangu." Watu wakatikisa vichwa. Wiki ile redio nne za Alunguli zilivuka kuja kwangu. Wiki iliyofuata, sita. Nilizipokea zote. Sefu hakuja kuniuliza kitu. Wateja wake walikwisha kidogo kidogo, na bado alinisalimia tukikutana bandarini, salamu nzima, mpaka habari za watoto. Hata upole wake nilimwonea wivu.

Sasa tuje kwenye mambo yenu ya leo. Binti yangu Zaina alininunulia sanduku la umeme wa jua: kibamba cha kunasa jua juu ya bati, taa tatu, redio ndogo, na mahali pa kuchaji simu. Alilipa mwezi kwa mwezi, na kila akilipa kampuni ilituma namba ya kuliwasha, mpaka akamaliza, risiti ninazo zote. Alipomaliza, sanduku lilitakiwa lipokee namba ya mwisho kutoka kampuni, lisijifunge tena. Namba haikuja, sanduku likajifunga. Jua la Kindu linachoma watu utosini, na mimi niko gizani. Nikamwita kijana wa kampuni, yule wa gileti, kizibao chenye maandishi mgongoni.

"Sanduku hili ni la nani?" nikamuuliza.

"Iko ya kwako, Mzee. Mulimaliza kulipa."

"Nikilitupa mtoni?"

Akacheka. "Unaweza. Iko yako."

"Nikilifungua nione ugonjwa wake?"

"Hapana! Ile inakatazwa, iko mu kontra, ile karatasi mulitia sahihi. Na tena ukiifungua, inajua."

"Nani anajua?"

"Sanduku. Inajua, inakufa palepale."

"Kwa hiyo naruhusiwa kulizamisha, siruhusiwi kuliponya."

"Mzee, usinihangaishe," akasema. "Mimi niko muntu wa kazi tu. Hata mimi ufunguo hawakunipa."

Alipoondoka nililigeuza. Chini yake kuna visi, vichwa vimezama ndani ya matundu, umbo la nyota, na katikati ya nyota kijisumari cha kuzuia turnevisi. Nilizihesabu. Nikahesabu tena. Sita.

Utadhani nilikasirika. Kwanza niliona wivu, nisikudanganye. Mimi nilipinda mgongo nusu siku kufunga redio moja, na kwa siri, nikiogopa mtu asinione. Wao wanafunga taa za mtaa mzima wakiwa wamekaa kitini katika mji nisioujua, na wanaandika waziwazi kwenye karatasi kwamba wamefunga, kwa herufi za saizi ya chawa, na wewe unatia sahihi. Mimi ningegunduliwa ningeitwa mchawi. Wao wanaitwa wahandisi. Ndipo nikajiona jinsi nilivyo: mwizi mzee anayesimama mbele ya nyumba iliyoibwa na kusema, walioiba hapa ni hodari kunishinda.

Nikiwa bado nimelishika, Mama Feza akaingia. Amevuka mto kwa fimbo yake, sanduku kama langu limefungwa mgongoni kwa kitenge, kama mtoto.

"Papa Amisi, na yangu imelala. Fungua basi."

"Kampuni inakataza."

"Kampuni iko wapi? Wewe njo uko hapa. Na wewe si kama Sefu. Yule alilala na redio yangu siku mbili, jina la mutoto wangu likapita."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, na kila mara niliyameza kama maji. Safari hii yalikataa kushuka, kwa sababu visi sita zilikuwa zinanitazama. Nikamwambia aliache, nitaona la kufanya. Lipo hapa kando ya langu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Unapotengeneza kitu cha mtu, kiache kifunguke hata kwa fundi unayemchukia. Hasa huyo. Hujui siku ambayo mto utafungwa na yeye ndiye atakayekuwa upande wa mgonjwa. Kama nawe unatia namba ya siri ndani ya simu za watu, itoe leo, kabla hujazoea faida yake. Mimi ilinichukua wiki moja tu kuizoea, na bado haijanitoka. Na unaponunua, usiulize bei peke yake, mimi mpenda bei nakwambia. Uliza: likiharibika, nani anaruhusiwa kulifungua, na anakaa wapi? Karatasi isomwe kwa lugha unayoielewa kabla hujatoa hata faranga. Wakikuambia sheria ndivyo ilivyo, usiende kubishana peke yako kama mimi na kijana wa gileti. Nendeni mtaa mzima, na risiti zenu mkononi, mkaulize sheria hiyo ilimuuliza nani. Na kuhusu wivu, sitakudanganya kwamba unaisha. Lakini angalia unakutuma kufanya nini. Mimi haukunifanya mvivu. Ulinifanya hodari wa kufunga, wakati ungeweza kunifanya nijifunze kufunga nyaya kwa uzi mweupe.

Mungu akupe mkono mwepesi na macho ya kudumu. Akupe na mwenzako anayekushinda, akae karibu nawe, mzeeke pamoja mkisifiana mapema. Waliopotea wako wasikike, na siku watakaposikika redio yako iwe inasema.

Sasa nami naomba shauri, maana mpaka hapa nimetoa bure. Sefu yu hai. Macho yamemwishia, lakini vijana wa Alunguli bado wanampelekea vitu vilivyoharibika avipapase, wanakaa kwake wanacheka. Kwangu hawaji, na ndiyo, hilo pia linaniuma. Kiberiti kiko mfukoni mwangu, visi zote sita zimo, na funguo mbili, wake na ule wangu wa shingoni. Mtumbwi unavuka asubuhi. Ukishuka ng'ambo, njia ya kulia inakwenda kwa Mama Feza, ya kushoto kwa Sefu. Nikimwambia mama kwanza, Sefu atasikia kwa watu kabla sijamwomba radhi. Nikianza kwa Sefu, namjua, atanisamehe pale pale mlangoni, na mimi nikishasamehewa nitapata sababu ya kurudi nyumbani bila kufika kwa mama.

Wewe, mwanangu, ungeanza na mlango gani?