Filamu Aliyoigeuza Mukhwana

Katika miaka thelathini na minne aliyopiga picha za eksirei, Mukhwana Wakoli hakurudishiwa hata filamu moja kwa kosa la alama. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake, na majirani wake katika mtaa wa Kaloleni waliisikia mpaka wakaikariri. Kabla ya kupiga, aliweka pembeni mwa filamu herufi ndogo ya risasi, madini yale mazito, ili daktari ajue upande wa kulia wa mgonjwa ni upi. Kisha aliingia chumba cha giza, akaizamisha filamu katika dawa, akaitundika chini ya taa nyekundu ichuruzike maji kama nguo ya mtoto kambani. Siku hizi kompyuta hufanya yote hayo kwa kufumba na kufumbua, wala haitoi harufu. Mukhwana huikosa harufu ile, kali kama siki, jinsi mtu amkosavyo jamaa.

Lakini fahari hiyo ilikuwa na doa, nalo alilijua yeye peke yake.

Mwaka wa 1984 alikuja kijana wa Kikamba, Musau Nzivo, aliyehitaji picha ya kifua ili aajiriwe katika kiwanda cha magunia huko Industrial Area. Filamu ilipokauka, Mukhwana aliona moyo umekaa kulia. Watu walioumbwa hivyo alikuwa amewasoma vitabuni. Hakuwahi kumwona hata mmoja. Akaamini kuwa ni yeye aliyeiweka herufi upande usio wake. Mkuu wa idara alikuwa mkali, tena alikuwa njiani kuja. Basi akaikwangua kwa wembe alama ya ile herufi kwenye filamu, akaigeuza filamu, akaandika alama mpya kwa wino. Moyo ukarudi kushoto. Musau akapata kazi.

Mwaka uliofuata Musau alihamia Kaloleni, nyumba tatu kutoka kwake. Hizo zilikuwa enzi za ua kukatwa sawasawa na wafanyakazi wa baraza la jiji, na muziki kusikika kutoka jumba la mikutano kila mwisho wa wiki. Wakawa marafiki. Kila Jumamosi walikwenda Soko la Burma, Musau akichagua mbavu, Mukhwana akichagua maneno. Zaidi ya mafua, Musau hakuugua kitu.

Jumamosi moja mwaka huu, Musau hakutokea. Mukhwana alimkuta hospitalini, amejikunja kitandani, mkewe Kavinya akiwa kando yake.

"Shemeji, ni siku ya tatu anatapika," alisema Kavinya. "Wanasema ni choo kimefunga. Wanataka turudi nyumbani."

"Umeleta mbavu," Musau aliuliza kwa taabu, "au umeleta maneno?"

Daktari Nekesa, msichana mpole mwenye macho ya usingizi, alieleza bila haraka. "Tungekihofia kidole tumbo, mzee. Lakini hicho huuma kulia chini. Yeye anaumwa kushoto."

Mukhwana aliinama ili amwinue rafiki yake anywe maji. Kiganja chake kikatua kifuani, upande wa kulia. Hapo, chini ya vidole, moyo ulikuwa ukigonga.

Angeweza kusema tu, "Msikilizeni kifua." Fahari ingebaki nzima. Lakini daktari aliyechoka husikiliza kisa kuliko ushauri.

"Binti yangu," alisema, "mwaka wa themanini na nne nilimpiga huyu picha. Moyo ulikuwa kulia. Nikadhani nimekosea alama, nikaigeuza filamu. Sikukosea. Na kama moyo umehama, huenda nyumba nzima imehama."

Nekesa alikihamisha kipimo chake cha kusikilizia moyo kutoka kushoto kwenda kulia, akasikiliza. "Nilipousikia kwa mbali, nikadhani ni unene," alisema polepole. Kisha akaita machela.

Picha ilionyesha ini kushoto, tumbo la chakula kulia, na kidole tumbo, kimevimba karibu kupasuka, kushoto chini. Alasiri ile ile Musau alipasuliwa.

Siku ya nne alikuwa ameketi, akinywa uji. Kavinya alikuwa amekwisha kumsimulia yote.

"Miaka arobaini tunakula pamoja," alisema Musau. "Ulijua?"

"Sikujua. Niliogopa kujua."

"Mimi kila Jumapili kanisani naweka mkono kushoto, nasema natoa moyo wangu. Kumbe natoa mapafu."

Kavinya alicheka hadi akashika kitanda. Mukhwana hakucheka. Alitia mkono mfukoni, akatoa ile herufi ya risasi, iliyochakaa pembe, aliyoiomba siku aliyostaafu. Akamnyooshea Musau.

Musau aliipima uzito kiganjani, akamrudishia. Akafungua vifungo vya shati la hospitali.

"Iweke mwenyewe," alisema. "Safari hii usiiguse tena."

Mukhwana aliiweka kulia, juu ya moyo, akaiangalia ikitikisika.